Je, ualimu unaua mkono wa mchoraji? Jibu kwa mwalimu wa Rungwe

*“Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 47, nafundisha sekondari huku Rungwe, karibu na Tukuyu. Mwaka huu ni wa 21 kazini. Nina vipindi 26 kwa wiki: sanaa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na Kiswahili kidato cha pili. Nimechora tangu utotoni. Marehemu baba alikuwa anaandika mabango ya maduka na ya mashine za kusaga, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo la rangi. Zamani nilimaliza picha nane, hata kumi kwa mwaka. Miaka saba hii nimemaliza mbili tu. Kuna picha ya mama akichuma chai niliyoianza 2019 kwa rangi za mafuta, mpaka leo iko nyuma ya kabati. Nafasi naipata saa nne usiku watoto wakishalala, lakini nikikaa tu kichwa kinauma na mistari inacheza machoni. Nikichora, kinachotoka kinafanana na mfano wa ubaoni. Nina mwanafunzi wa kidato cha tatu anayechora vizuri mpaka namwonea wivu, na wivu huo unanitia aibu. Rafiki yangu mchoraji wa Mbeya mjini anasema ualimu unaua msanii, nichague moja. Mume wangu anasema nivumilie, nitachora nikistaafu. Niache kazi? Au nikubali kwamba mimi ni mwalimu tu?”*

Marahaba, mdogo wangu, na huku Iringa tunasema kamwene. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye maneno yale mawili ya mwisho, “mwalimu tu”. Nimefundisha uchoraji miaka 31, sehemu kubwa katika chuo cha ualimu, na nimechora kwa muda mrefu kuliko huo. Najua kinachomfanya mtu aandike hilo “tu”.

Kama nimekuelewa, kinachokusumbua si idadi ya picha. Unaogopa kwamba yule binti aliyeshika kopo la rangi ameshakufa, na kwamba wewe ndiye umemuua kwa kufundisha. Hajafa. Sisemi hivyo ili kukufariji. Nasema kwa sababu umeandika mwenyewe kwamba kinachotoka kinafanana na mfano wa ubaoni. Mtu ambaye jicho lake la uchoraji limekwisha haioni tofauti hiyo. Hutundika ukutani mfano wa ubaoni akaridhika nao. Wewe umeuona na umeukataa.

Lakini kabla ya sanaa, tuzungumze kuhusu macho. Umeliandika jambo hili kama la pembeni, na mimi naliweka mbele. Una miaka 47, kichwa kinauma ukikaa kuchora usiku, na mistari inacheza. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho la binadamu huanza kukakamaa na kushindwa kujikunja vizuri ili ione vya karibu. Hutokea kwa karibu kila mtu, hata aliyekuwa na macho makali kama mwewe. Mchana wenye mwanga mwingi hulisikii sana tatizo, kwa sababu mboni hubana na unachokitazama kinaonekana wazi zaidi. Usiku chini ya taa hafifu mboni hufunguka, ukungu unaingia, jicho linalazimisha, na kichwa kinalipa. Nimewajua wachoraji waliodhani wamepoteza hamu, kumbe walihitaji miwani. Nenda kliniki ya macho, Tukuyu au Mbeya mjini, wakupime. Na ukifika usiseme tu kwamba unataka miwani ya kusomea. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kitabu mkononi, ambao ni kama sentimita 40. Mchoraji aliyesimama mbele ya picha huwa mbali zaidi, sentimita 60 au 70. Pima kwa futi nyumbani umbali wa jicho lako na picha, umwambie mpimaji namba hiyo. Pia waeleze habari ya kichwa kuuma, wakupime na shinikizo la damu hapo hapo. Lifanye hili kabla ya mengine yote ninayokuandikia.

Sasa nije kwa rafiki yako. Sidhani ana nia mbaya, ila kauli yake haiendani na historia ya uchoraji wa nchi hii. Chukua Sam Ntiro. Alifundisha Makerere, akawa Balozi wetu Uingereza kuanzia 1961 hadi 1964, baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku aliichora mwaka 1956, na mwaka 1960 ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Huyo ni mtu wa ratiba, vikao na kusahihisha. Profesa Elias Jengo naye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi bila kuweka brashi chini. Na hata Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, ambaye hakuwa na ubao wala chaki, alifundisha. Alichora kwa miaka kama minne tu, kuanzia 1968 mpaka alipouawa 1972, na katika muda huo mfupi vijana walikaa pembeni yake wakamwangalia anavyopaka rangi za glosi kwenye hadibodi, wakaendelea nazo baada yake. Shika mfano huo wa Tingatinga, nitaurudia.

Kwa hiyo ualimu peke yake hauui. Hata hivyo rafiki yako amegusa kitu cha kweli bila kukitaja vizuri. Kuna namna ya kufundisha ambayo, usipoiangalia, inakula kazi yako polepole, na saa ulizonazo hazihusiki sana.

Fikiria unachofanya ukisimama ubaoni kufundisha kivuli. Unachora embe. Mwanga unatoka kushoto, unaweka sehemu angavu, unaweka kivuli cha mwili, kivuli cha ardhini, na ule mwanga mdogo unaorudi kutoka mezani. Dakika sita, embe limekaa. Umelichora embe hilo mara ngapi katika miaka 21? Unajua litakavyoisha kabla hujagusa chaki, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mwanafunzi anahitaji njia iliyonyooka. Mwalimu mzuri huficha mashaka yake ili mtoto asiyumbe. Mchoraji kazi yake ni kinyume. Anakwenda mahali asipopajua, anaweka rangi, anaona imekataa, anaifuta, anajaribu nyingine, na picha inazaliwa humo humo katika kutojua. Sasa mkono ni uleule mmoja. Ukiutumia siku tano kwa wiki kuonyesha majibu, usiku wa saa nne utakuletea jibu, maana ndicho ulichouzoesha. Ndiyo maana picha zako zinafanana na ubao.

Na jicho nalo lina kisa chake. Ukisahihisha michoro ya wanafunzi 45, unatafuta kosa kwanza: kichwa kikubwa kuliko mabega, mstari wa upeo umepinda, kikombe kinaelea. Jicho hilo la kusahihisha ni zuri na limekusaidia kupika vijana. Lakini linaamka mapema mno mbele ya picha yako mwenyewe. Hujaweka hata rangi ya tatu, tayari limeshaandika “rudia” kwa wino mwekundu. Picha changa haiwezi kustahimili mtihani.

Mimi hili lilinikuta nikiwa na miaka arobaini na kidogo. Kwa miaka sita sikumaliza picha hata moja. Chuo nilichokuwa kilinipa vipindi juu ya vipindi, nami nikasema tatizo ni chuo. Siku moja nikawapeleka wanachuo Igeleke, pale nje kidogo ya mji wa Iringa, kwenye mwamba wenye michoro ya watu wa kale. Nilikuwa nimeandaa maelezo. Tulipofika nikaona sina la kueleza. Sikujua yule aliyechora alianzia wapi, wala kwa nini umbo hili limewekwa juu ya lile. Nikawaambia wakae, wachore wanachoona, nami nikakaa chini na kipande cha mkaa. Saa nzima sikumsahihisha mtu. Nilichochora hakikuwa kizuri, ila kilikuwa cha kwanza katika miaka sita ambacho sikukijua kabla. Vipindi vyangu havikupungua wiki ile wala iliyofuata. Kilichobadilika ni kwamba nilipata tena mahali pa kutojua. Ninakuomba nawe ujitengenezee mahali hapo, hata pakiwa padogo kama kiganja.

Namna ya kupatengeneza, kwanza, ni kutumia kifaa usichokifundisha. Ukifundisha penseli na rangi za maji darasani, nyumbani shika mkaa, au wino na kijiti cha mwanzi, au rangi za mafuta. Mkono ukikosa njia iliyozoeleka unalazimika kusikiliza. Pili, chora kitu kimoja kwa muda mrefu. Hapo ulipo una mlima Rungwe. Uchore kila Ijumaa kutoka mahali pamoja, kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, siku ukiwa wazi na siku ukungu umeumeza wote. Wiki ya kumi utakuwa umemaliza yote unayoyajua kuhusu mlima huo, na hapo ndipo uchoraji utaanza. (Kijani cha Rungwe, nikuambie kwa mapenzi, ndicho kilichonitesa kuliko rangi yoyote. Migomba, chai na majani ya njiani vyote ni kijani na hakuna kinachofanana na mwenzake. Acha kijani cha kopo. Changanya bluu na njano yako, kisha tia tone la nyekundu ya udongo kukituliza.) Tatu, kwa nusu saa ya kwanza usirudi nyuma kuitazama picha. Ukishindwa kulinyamazisha jicho la mwalimu, igeuze picha kichwa chini uendelee kuchora maumbo na rangi. Ikiwa juu chini, akili haioni tena mama wala chai ya kusahihisha, inaona mabaka.

Kuhusu muda, umenipa saa nne usiku. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote ulizonazo. Uchovu ni sababu moja, mwanga ni nyingine. Chini ya balbu ya manjano, rangi ya njano juu ya kanvasi nyeupe inafifia, na bluu inakuwa nzito na kuelekea nyeusi. Unachanganya rangi usiku, asubuhi unaitazama unaona mgeni. Unadhani umeshindwa kuchora, kumbe umechora kwa mwanga mwingine. Kama huna budi kufanya kazi usiku, tumia taa nyeupe, na uzifanye kazi zisizotegemea rangi: kupiga msasa hadibodi, kuipaka tabaka la chini, kuchora kwa mkaa, kupanga umbo la picha kwenye kaunta buku.

Halafu tazama jua. Saa zetu zinasoma sawa na za Dar es Salaam, lakini nyinyi mko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua lenu linachomoza kama dakika 20 baada ya la kwao, na linazama kwa kuchelewa vilevile. Asubuhi unatoka nyumbani mwanga ukiwa bado mchanga, hivyo asubuhi usiihesabu. Jioni ndiyo yako. Mwaka mzima una mwanga mpaka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo. Ukitoka shuleni saa kumi, una saa mbili za mwanga wa jua ambazo sasa hivi zinaliwa na tuisheni, vikao na njia ya sokoni. Sikuambii uzichukue zote. Chukua jioni mbili, tuseme Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu kila jioni, na Jumamosi saa tatu. Hizo ni saa sita kwa wiki. Kwa wiki 40 za mwaka, ukiacha wiki za zamu, za mitihani na za misiba, ni saa 240. Picha nane za zamani zilichukua muda mrefu zaidi ya huo? Sidhani.

Saa hizo zina gharama, na sitaki kukuficha. Jioni mbili bila tuisheni ni pesa inayopungua mezani. Na kwa mwanamke, jioni ni saa ya jiko. Nimeolewa, nimelea, najua. Hapa huwezi kuzipata kwa kuamka mapema zaidi au kulala kidogo zaidi, hiyo njia ndiyo iliyokufikisha kwenye kichwa kuuma. Kaa na mumeo na watoto, uwaambie siku zenyewe kwa majina, nani atapika Jumanne, nani atakwenda kuchukua maziwa Alhamisi. Mume wako anaposema “utachora ukistaafu” inawezekana hajui kwamba unachoomba ni jioni mbili tu. Mwambie.

Hesabu pia muda unaopotea kabla ya kugusa rangi. Kama kila mara unatoa vifaa chini ya kitanda, unatandika magazeti, unatafuta brashi, na mwisho unaosha vyote, umetumia dakika 40 katika kila saa. Tafuta kona isiyovunjwa. Meza ndogo inatosha, au hata ubao wa kuegemeza ukutani wenye pazia la khanga. Na ukiacha kazi, iache mahali ambapo unajua hatua inayofuata. Ukikwama ndipo ukaacha, utakaa wiki tatu bila kurudi.

Rangi za mafuta zinamfaa mtu wa ratiba yako kuliko akriliki. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hayakauki kwa kupoteza maji, yanakauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni polepole, kwa hiyo mara nyingi rangi ya Jumanne bado inachezeka Alhamisi. Akriliki inakauka dakika chache, na huko kwenu kuna jambo lingine. Kipupwe cha Juni na Julai, chumba kikishuka chini ya nyuzi kumi, akriliki haishikani vizuri na inaweza kupasuka au kubanduka baadaye. Kama ndiyo uliyo nayo, ipake mchana. Ubaya wa rangi za mafuta ni bei, na zinaagizwa Dar es Salaam. Nunua tano tu: nyeupe, njano, nyekundu, bluu, na kahawia ya udongo. Na tafadhali sana, baridi isikufanye uingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa chenye tapentaini. Hewa ya mkaa inaua kimyakimya, na tapentaini inashika moto haraka. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani navyo visilundikwe pembeni. Vinaweza kupata joto vyenyewe hadi kuwaka. Vianike nje vimetandazwa, au viloweke ndani ya maji kwenye kopo la bati lenye kifuniko.

Kuna kitu hukukiandika ambacho nadhani kipo, kwa sababu sijamwona mwalimu wa sanaa asiye nacho. Ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa, ni wewe. Nembo ya shule getini, ni wewe. Bango la mahafali, maandishi ya kumkaribisha mgeni rasmi, kadi ya harusi ya mwalimu mwenzako, “wewe si unachora, ni dakika mbili tu.” Kazi hizi zinakula uleule mkono, na zinakula Jumamosi. Usizikatae kwa hasira. Nenda kwa mkuu wa shule mwanzoni mwa muhula na orodha ya kazi za mwaka uliopita pamoja na saa zilizotumika, uombe mambo mawili: ramani na mabango yafanywe na wanafunzi kama kazi ya vitendo chini ya usimamizi wako ndani ya vipindi, na zile zinazobaki zihesabiwe kama majukumu, upunguziwe zamu. Mkuu wa shule akiona hesabu kwenye karatasi husikiliza. Kwa kazi za watu binafsi, taja bei. Utashangaa zinavyopungua.

Sasa yule kijana wa kidato cha tatu. Wivu wako haunitishi, na usikutie aibu. Mwalimu humwonea wivu mwanafunzi pale anapoona kwake kitu ambacho yeye mwenyewe amekiweka kabatini. Unachokitamani kwake si mkono, wako una miaka mingi zaidi. Unatamani ule uhuru wa kukosea bila mtu kumtazama. Hapa ndipo ninaporudi kwa Tingatinga. Siku moja kwa wiki, katika kipindi cha vitendo, baada ya kuwapa kazi, kaa nawe uchore dakika 15 mbele yao. Usichore mfano wa somo, chora kazi yako halisi, ile usiyojua itakwendaje. Wakuone unafuta. Wakuone unasita. Kijana yule akikuuliza kwa nini umefuta, mjibu kwa ukweli kwamba hujui bado. Atajifunza hapo kitu ambacho embe la ubaoni halimfundishi, nawe utakuwa umechora. Lakini weka mipaka miwili. Wanafunzi wakikuhitaji, wao kwanza, ndicho unacholipwa. Na uwe na angalau picha moja nyumbani ambayo hakuna mwanafunzi atakayeiona mpaka iishe. Kuna kazi inayohitaji giza ili iote.

Wapo wanafunzi ambao mwalimu akikosea mbele yao humdharau, hasa kidato cha kwanza. Anza na kidato cha tatu na cha nne, uone.

Kuhusu kuacha kazi, sitakuambia usiache, maana sijui deni lako, mshahara wa mumeo, wala ada za watoto. Nitakuambia yanayopaswa kuwa mezani. Umechangia karibu miaka 21, yaani karibu miezi 252, na kiwango cha chini cha kupata pensheni PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ni miezi 180, umekipita. Lakini umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Ukiondoka leo una miaka minane ya kusubiri huku ukiishi kwa kuuza picha, katika ukanda ambao wanunuzi wa picha ni wachache na wengi wanataka tembo na machweo. Mchoraji anayelazimika kuuza ili ale huanza kurudia kinachouzika, na hapo utakuwa umehama kutoka embe la ubaoni kwenda tembo wa dukani. Kabla ya kuandika barua yoyote, nenda ofisi ya PSSSF Mbeya na namba yako ya uanachama wakuhesabie, kisha kwa Afisa Utumishi wa halmashauri umuulize kuhusu likizo bila malipo. Haya usiyaamue kwa maneno yangu wala ya rafiki yako. Na ukitaka kuuza au kufanya maonyesho ukiwa kazini, jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, piga picha kila kazi na uandike tarehe nyuma yake.

Na ushauri wa kungoja kustaafu? Mumeo anakupenda, lakini kwa hili anakosea. Mkono wa mchoraji unafanana na shamba la chai. Ukiacha kuchuma, mti haupumziki, unakua juu mpaka hauchumiki tena, na kuurudisha inabidi uukate mpaka chini. Nimewaona wastaafu walionunua rangi za gharama na kanvasi kubwa, wakakaa mbele yake miezi sita. Waliofanikiwa ni wale waliofika miaka 60 wakiwa na kaunta buku lililojaa.

Jambo moja la mwisho nalisema kwa uzito. Kama mbali na uchoraji umepoteza hamu ya vitu vingine pia, chakula, maongezi, hata watoto, kama usingizi umekukimbia kwa wiki mbili au zaidi, au umewahi kuwaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, basi usitafute tiba kwenye brashi. Nenda hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya, uonane na daktari uso kwa uso, ukiwa na mtu unayemwamini. Vivyo hivyo vidole vikifa ganzi au bega likiuma usiku. Usilisugue dawa ya kuchua mwaka mzima, kaonyeshe.

Umebaki mama na chai yake. Rangi ya 2019 imeshakauka vya kutosha kupokea nyingine. Utakapoendelea, rangi mpya iwe na mafuta ya kitani zaidi kidogo kuliko ya chini, isije ikapasuka. Lakini Jumamosi hii usipake chochote. Itoe nyuma ya kabati, uifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, uiegemeze mahali utakapoiona ukiwa unachambua mchele. Tazama mikono ya mama. Kwenye kaunta buku andika vitu vitatu ambavyo huvijui kuhusu picha hiyo: labda mkono wa kushoto ulikuwa unafanya nini, labda kikapu kilikuwa na uzito gani mgongoni, labda alikuwa anatazama wapi. Kama mama yuko hai, kamuulize. Jumanne saa kumi jioni, anza na mkono.